Kapiteni Mwenye Kurudi na Sura Ingine

Juzi mujukuu wangu alikuwa amelala kifudifudi pale salo, sebuleni kwangu, simu mbele ya pua, miguu inapigapiga kiti, anaangalia filme ya watu wa mbinguni wenye kupigana na robo, wale watu wa chuma. Mi nakata majani ya lenga-lenga, mboga ya jioni. Mara anaguna, anasema, "Nyanya, hadisi ya hii filme ni mbovu, haieleweki hata kidogo. Lakini mapigano, yoo! Mapigano inaokoa yote."

Kisu ikanisimama mukononi. Wallahi, maneno ile ile nilishaisikia miaka ya vita, mutaani kwetu Buyenzi, mulangoni kwa fundi wa redio. Nikacheka mupaka majani ikamwagika, mutoto akadhani nimepatwa.

Usishangae kuona naitwa nyanya, miaka yangu ni arobaini na kitu tu. Nilizaa mapema, na mutoto wangu akanifuata mbio. Shule nilifika mwaka wa tatu, vita ikafunga mulango. Basi naandika vile nasema, na mwenye kukuta makosa akuje nimupe chai ya tangawizi, tutasameheana. Kaa nikuambie.

Buyenzi ya wakati ule, rafiki yangu, ilikuwa na kelele tamu. Asubuhi mafundi wa magari wanaanza kupiga mabati, to-to-to, mutaa muzima. Ndagala, samaki ndogo za ziwa, inakaangwa kila nyumba, harufu inaingia mupaka mu madaftari. Kisha ghafla, katikati ya ile kelele, kila kitu kinanyamaza. Nyundo zinasimama juu. Mwanamuke ameshika mwiko hewani. Kuna kitu kimelia kule milimani. Tunasikiliza, shingo upande moja kama kuku. Ikiwa mbali, nyundo moja inaanza, halafu ya pili, halafu zote. Mi risasi nimeshaisahau kidogo. Ile kimya ndiyo bado inaniamsha.

Fundi wa redio tulipakana naye ukuta. Alikuwa na televizio kubwa yenye tumbo, mashine ya kasete, na chumba kimoja kirefu chenye mabenchi. Madirisha alifunga na mablanketi, hata jua ya saa saba iwake vipi, ndani ni giza na sura za watu ni bluu kama za wafu. Alianza kuonyesha filme baada ya sala ya adhuhuri na kumaliza kabla ya saa kumi na moja, juu ya kuvrefe, ile amri ya kutotoka inje, maana saa ile ikifika hakuna mutu njiani. Kasete zilikuwa za Kiingereza. Fundi alisimama kando ya televizio akatufasiria kwa Kiswahili. Kifaransa alijua nusu, Kiingereza alijua robo, na penye hakujua alitunga bila haya.

Mulangoni alikaa bibi yangu, mama yake baba, na jiko lake la makaa na karai ya sambusa. Na hapa nikuambie jambo ambalo sijaona mahali pengine. Ndani ya filme kuna bunduki, na inje mu mujini kuna bunduki. Sasa mutu aliyekaa gizani atajuaje hii ni ya nani? Bibi ndiye aliyejua. Alikuwa na sikio, Mungu alimupa. Risasi ikilia, watu wote wanageuza shingo mulangoni, na bibi bila hata kuacha kugeuza sambusa anaita, "Ya ndani!" Basi tunarudia filme yetu. Akiita "Ya inje!", fundi anazima sauti, tunashuka chini ya mabenchi, tunangoja. Hakuna mwenye alimubishia hata siku moja.

Alikosea mara moja tu. Robo alipiga muzinga, bibi akaita "Ya inje!" Chumba kizima kikalala chini. Kumbe ni ya ndani, robo wanaendelea kupigana peke yao juu ya vichwa vyetu, na jirani yetu munene, muuza makaa, ameangukia sahani yake ya sambusa na pilipili imemuingia machoni. Analia, "Nimepigwa! Nimepigwa!" Bibi akamwambia, "Umepigwa na kitunguu, amuka." Wiki nzima tulimuita majeruhi.

Filme yenyewe ilikuwa ya mufululizo, kasete saba, fundi alizileta moja moja kutoka duka la muhindi kule Asiatique, mutaa wa maduka. Sisi tuliiita Watu wa Juu. Kulikuwa na kapiteni mwenye koti ya kungaa, chombo chake kinaruka kati ya nyota, na robo wa jicho moja wanamufuata popote. Hadisi yake, Mungu anisamehe, ilikuwa takataka. Kasete ya pili daktari wa chombo ni muke wa kapiteni, kasete ya tano amekuwa dada yake. Nyota ileile inaungua Jumatatu, Alhamisi watu wanaishi juu yake na maua.

Bibi hakuweza kuvumilia. Alikuwa mutu wa hadisi, watoto wa avenyu tatu walikuja kumusikiliza. Alichungulia ndani na uma wake mukononi, akauliza, "We fundi, watu hawa hawakuli?"

"Wanakula, mama yangu, lakini hawaonyeshi."

"Jiko iko wapi? Mwaka muzima mbinguni, sijaona hata sufuria. Na koti ile nani anaifua?"

Watu wanacheka, fundi anajitetea. "Mama, hadisi ni mbovu, nakubali. Lakini mapigano inaokoa yote. Watu hawakuji hapa kusikiliza. Wanakuja kuona mutu anapigana na anashinda. Hapa inje, we umeona nani ameshinda?"

Bibi akamuangalia. "Anapiga vizuri, siwezi kusema uongo. Hata mi sambusa zinaniungulia mu mafuta. Lakini mutu akianguka, nataka nijue ameangukia wapi."

Na fundi hakusema uongo juu ya mapigano. Kulikuwa na moja, kasete ya tatu, mi sijaona ingine kama hiyo, hata kwenye simu za leo. Kapiteni peke yake mu koridoo ndefu, robo kumi na mbili, na kule hakuna hewa kwa hiyo hakuna sauti. Wanapigana bila kelele yoyote. Vyuma vinagongana, kimya. Mutu anafungua mudomo kulia, kimya. Fundi mwenyewe akaacha kufasiria. Watu sitini gizani, hakuna mwenye alikohoa, na mi nilisikia mafuta ya bibi peke yake ikichemuka mulangoni. Kapiteni akaangusha wa mwisho, halafu naye akaanguka. Akakufa macho wazi. Tulilia, fundi akapangusa pua na kitambaa ya kupangusia kasete.

Sasa lazima nikuambie juu ya baba, juu bila yeye hutaelewa.

Baba alikuwa shofa, dereva wa kamyo ya mizigo. Alipanda barabara ya kaskazini kuleta maharage, akasema, "Ijumaa nasali hapa." Ijumaa ikakuja peke yake. Wenye walipita kule walisema waliona kamyo imesimama kando ya barabara, milango wazi, mutu hakuna, na redio bado inaimba.

Bibi alikataa kuwa amekufa. Kila alasiri aliweka ndoo ya maji kwenye jua ipate moto, juu baba akitoka safari anaanza na kuoga. Asubuhi anamwagia bustani. Siku moja tuliamka tukakuta ndoo iko nusu. Mama akasema ni mabata ya jirani. Bibi aliosha ndoo vizuri, akaijaza tena.

Mama naye alikuwa amekwama katikati. Eda, zile miezi nne na siku kumi mwenye kufiwa na bwana anakaa ndani, hakuweza kukaa, juu kisomo, ile dua ya marehemu, haikusomwa. Majirani hawakujua wamupe pole au wamuulize bwana anarudi lini. Sokoni aliuza vitenge na usiku alijigeuza kitandani mupaka asubuhi. Shehe alikuja mara mbili. Mara ya pili alimwambia bibi kwa upole, "Mama, wenye waliona wameona. Lakini mi siwezi kumusomea mutu ambaye mama yake anamuwekea maji ya kuoga." Bibi akamujibu, "Basi usisome."

Ndiyo hali yetu ilikuwa hivyo wakati kasete ya nne ilipofika. Inaanza, na nani amesimama pale dirishani mwa chombo? Kapiteni, koti ileile ya kungaa. Lakini sura haikuwa yake. Pua nyembamba, macho ya mutu mwingine, hata kutembea ni kwingine. Na wenzake wote wanamuita "Kapiteni, Kapiteni," hakuna mwenye kushituka.

Nikauliza, "Fundi, si alikufa?"

"Alikufa."

"Na huyu?"

"Ni yeye."

"Na sura?"

Fundi akajikuna. "Wenye kutunga wamesahau, mwanangu. Ngoja mapigano ianze, na we utasahau."

Mapigano ikaanza, kali kabisa, wote wakasahau. Mi peke yangu sikusahau. Nikasema moyoni, kumbe inawezekana. Mutu anaenda, anarudi na sura ingine, na wenye kumujua wanaangalia koti.

Baba alikuwa na koti ya kijani, imechanika begani. Nikaanza kuangalia makoti. Wiki mbili naangalia. Siku moja, alasiri, kwenye kona ya soko, nikaona koti ya kijani, imechanika begani palepale. Nikaifuata. Tukapita mutaa kwa mutaa mupaka Asiatique, yeye mbele, mi nyuma, nakanyaga pale amekanyaga. Maduka ilikuwa inafunga, milango ya chuma inashuka, grrrr, moja nyuma ya ingine, mupaka mutaa ukabaki na sisi wawili. Hakuwa anatembea kama baba. Lakini hata kapiteni hakuwa anatembea kama kapiteni.

Akasimama. Akageuka. "Unamutafuta nani, mwanangu?"

"Baba."

"Baba yako ni nani?"

"We."

Aliangalia nyuma yake, kama kuna mutu amesimama pale. Hakukuwa na mutu. "Mi si yeye. Niangalie vizuri."

Nikamwambia, "Najua sura imebadilika. Hata bibi atakubali. Maji iko tayari."

Yule baba wa watu akaangalia jua inavyoshuka. Akanishika mukono na tukakimbia, maana saa ya kuvrefe ilikuwa inakaribia. Alinifikisha kwetu, akamwambia bibi, "Mama, mutoto huyu anasema nimerudi. Nimerudi kutoka wapi?" Bibi akaona ile koti, akashika ukuta. Yule hakungoja hata maji ya kunywa, akaenda mbio na sijamuona tena.

Nilijua nitapigwa. Bibi hakunipiga. Aliniketisha, akauliza, "Nani alikuambia mutu anarudi hivyo?"

"Kasete ya nne."

Akasimama akaenda kwenye ukuta wa fundi, akapiga na kiganja. "We fundi! Wenye walitunga hadisi yako ni wezi!"

Sauti kutoka upande wa pili: "Wameiba nini, mama?"

"Wamemuibia mutu kifo yake! Amekufa, hawakumuosha, hawakumusalia, wakamupa mwingine koti! Na mutoto wangu sasa anafuata makoti mu mujini!"

Bibi akabaki pale, kiganja kwenye ukuta, muda murefu. Nadhani alikuwa amesikia maneno yake mwenyewe.

Kasete ya tano ikapita, ya sita ikapita. Mwisho wa ya sita kapiteni alianguka tena, safari hii toka juu ya munara, chini kabisa. Kasete ya saba ndiyo ya mwisho. Siku ilipofika chumba kilijaa, watu wamekaa juu ya mapaja ya watu. Mi nilikaa mbele. Sikutaka mapigano wala chombo. Nilitaka kuona tu kama atasimama, na kwa sura gani. Moyoni nilishafanya mukataba: kapiteni akirudi, na baba anarudi.

Ikaanza na mapigano. Robo mia, moto, vyuma, bunduki kila upande. Kapiteni bado hajaonekana. Bibi anaita mulangoni, "Ya ndani! Ya ndani!"

Mara kuran ya umeme ikaenda. Televizio ikafanya chwi, nukta nyeupe ikabaki katikati ya kioo, ikakufa.

Na mapigano haikusimama.

Tulikaa tunaangalia kioo nyeusi, na ndani yake tunaona kidogo vichwa vyetu wenyewe, na risasi inaendelea. Karibu. Hakuna mwenye alihama. Mutoto mudogo nyuma yangu akauliza, "Nani anashinda?"

Bibi hakuita kitu. Baadaye alisema, angeita tungekimbia, na mulango ule ulifungukia njiani. Alitoa karai ya mafuta kwenye moto, akaingia, na nyuma yake akajipenyeza mama, amekuja mbio toka sokoni kututafuta, anahema. Bibi akafunga, akaweka komeo. Fundi naye akaelewa. Mutu yule, Mungu amurehemu popote alipo, akaanza kufasiria mbele ya kioo nyeusi: "Sasa robo mukubwa anapiga... kapiteni anakuja, anaruka, anamupiga..." Kila risasi ya inje akaiwekea mutu ndani. Sauti yake ikazidi kuwa nyembamba. Mwisho akasema chinichini, "Mama yangu, maneno imeniishia."

"Sogea," bibi akasema. "Nikae."

Akakaa mbele ya televizio. "Mupo?"

"Tupo," tukajibu kwa kunongona.

"Kapiteni alianguka toka mu munara. Safari hii hakuamuka."

"Ataamuka!" nikasema.

"Apana. Mwenye hadisi ni mi." Sauti yake haikuwa kali. "Watu wa juu wakamuzunguka, hawajui wafanye nini, maana watu wale hata kuoga hawaogi." Hapo wengine walicheka, kicheko kidogo cha woga. "Wakatuma mutu Buyenzi kuita mwanamuke muzee. Mwanamuke akapanda na birika, na sabuni, na sanda. Mwanaume anaoshwa na wanaume, yeye alijua hiyo vizuri, lakini kule juu mwanaume mwenye kujua hakukuwa, akasema Mungu ataniwia radhi. Akamuvua ile koti. Akaanza upande wa kuume, maji mara tatu. Akaja mukono ya kushoto. Akakuta alama ya kuungua, pana kama kiganja, ile alipata siku maji ya rejeta ya kamyo ilimurukia."

Chombo cha kapiteni hakina rejeta. Mutoto wa miaka kumi, nilijua hiyo. Na alama ile niliijua, niliilalia kila alipotoka safari. Nyuma yangu nikasikia mama anavuta pumzi kama mutu ametumbukia mu ziwa.

Bibi hakusimama. Alimupangusa, akamupaka manukato, akamufunga sanda, akasema kila fundo. Watu wa nyota wakapanga safu. Hata robo, akasema, walikuja na jicho lao moja wakasimama safu ya nyuma. Wakamusalia.

Muuza makaa akauliza gizani, "Na kaburi, bibi?"

"Kaburi hatuioni. Mungu anaijua. Lakini amekufa. Mi mama yake nimesema."

Mama akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Fundi akasema. Chumba kizima kikasema, hata watoto wa wakristo walijaribu, kila mutu vile anaweza. Inje kulikuwa kumeshanyamaza. Hakuna mwenye alijua tangu saa ngapi.

Siku ya tatu shehe alikuja, kisomo ikasomwa, pilau ikapikwa mu sufuria za kuazima. Mama akaingia eda, na usiku wa kwanza alilala mupaka jua ikatoka, alikoroma, sisi tunasikiliza kwa furaha. Majirani wakapata neno la kumuambia. Mi makoti niliendelea kuyaangalia kidogo, lakini sikufuata hata moja.

Leo bibi hayuko, alikufa kitandani kwake na tulimuosha sisi wenyewe. Fundi alihama bila kuaga, mwaka ule watu wengi walihama hivyo. Chumba kile wanauza matairi. Mabenchi sijui nani aliyachoma. Na watu wa kukaa sitini gizani, wakicheka na kushituka pamoja, hiyo pia imekwisha, kila mutu ana kioo chake mukononi.

Ukiniuliza kama mapigano mazuri inaokoa hadisi mbovu, nitakujibu kweli. Ile ya koridoo bila sauti, Mungu ampe kheri mwenye kuitengeneza, nusu saa ile sikuwa mutoto wa vita. Inakushika, inakubeba. Lakini haikurudishi nyumbani. Ikiisha inakuacha pale ilipokukuta, na mutu wako bado amelala macho wazi.

Kuran ya umeme iliporudi, fundi aliomba ruhusa kwa bibi akaonyesha kasete ya saba yote. Bibi alikubali. Mi sikuenda. Kesho yake rafiki yangu mutoto wa muuza makaa alinikuta kwenye robine ya maji, macho inamuwaka, anataka kuniambia mwisho wake. Nikaziba masikio na vidole vyenye maji mupaka akachoka. Sijawahi kuuliza. Yule wao, kama alisimama tena na sura ya tatu, ni habari yao. Wangu alizikwa Buyenzi, kati ya mabenchi, saa tisa ya muchana, na mi nilikuwako.